Kupona Ukiwa na Wenzako: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tumaini Wakati wa Kupona Ugonjwa wa Muda Mrefu

Wiki niliyoanza dawa niliamka alfajiri, nikaenda chooni, nikaona mkojo wangu umegeuka rangi ya chungwa. Nikajua figo zimekwisha. Nilikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, kiuno kimefungwa mkanda mgumu, miguu inatetemeka, na mbele yangu kulikuwa na miezi 12 ya vidonge. Sikumwambia mtu. Nilikaa na hofu ile siku nne mpaka siku ya kliniki. Pale kwenye benchi, mzee mmoja akautazama mkanda wangu, akasogea karibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeanza lini?"

"Wiki hii."

"Mkojo umeshabadilika rangi?"

Nilishindwa kujibu. Akatabasamu. "Ni ile dawa. Hata machozi yatapata rangi. Mimi niko mwezi wa nane na bado ni hivyo hivyo. Lakini muulize na muuguzi, usinisikilize mimi tu."

Muuguzi alithibitisha: rifampisini hupaka rangi mkojo, jasho na machozi, na rangi hiyo haidhuru. Nilishukuru kuijua habari hiyo, lakini kilichoniingia moyoni kilikuwa ni yale maneno "mwezi wa nane". Nilikuwa nimekaa na mtu aliyekwisha kuivuka miezi niliyokuwa naiogopa, na alikuwa amefika kliniki kwa miguu yake.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari anakijua kitanda chako kwa vipimo, ndugu zako wanakijua kwa huruma, lakini kunguni wake wanajulikana na aliyekilalia. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu naamini tumaini la mgonjwa wa muda mrefu mara nyingi haliji kwa kujikaza. Unaliazima kwa mtu aliyekutangulia hatua chache, unalitumia, mpaka lako lichipuke.

Hatua ya kwanza: jua unapona kuelekea wapi

Neno "kupona" limebeba mambo tofauti, na ukiyachanganya utavunjika moyo bure. Yapo magonjwa yanayokwisha: unamaliza dawa, vipimo vinakuwa safi, unafunga faili. Yapo yanayobaki lakini yanatulizwa, kama VVU, kisukari na shinikizo la damu. Hapo kupona ni kuishi vizuri huku dawa zikiendelea. Yapo ya kuja na kuondoka, kama selimundu na lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe), ambapo unaweza kuwa mzima miezi mingi kisha ukaangushwa tena bila kosa lako. Na ipo hali ambayo ugonjwa wenyewe umekwisha lakini umeuacha mwili nyuma, kama baada ya kiharusi au baada ya kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mwaka 2012 wataalamu wa wagonjwa mahututi waliipa hali hiyo ya mwisho jina la pamoja, baada ya kuona wagonjwa wengi wakitoka hospitali wakiwa na misuli dhaifu, kumbukumbu inayoteleza na hofu isiyoisha. Watu hao kabla ya hapo walikuwa wakiambiwa "si umeshapona?", nao wakijiona waongo.

Usibahatishe uko kundi gani. Kabla ya miadi inayofuata, andika maswali haya kwenye karatasi na uyasome kama yalivyo, maana mbele ya daktari akili huwa inakimbia:

- Ugonjwa wangu ni wa kuisha, wa kutulizwa, au wa kuja na kuondoka?
- Dalili ipi ni sehemu ya kawaida ya kupona, na ipi nikiiona nije siku hiyo hiyo?
- Nikijisikia nafuu, kitu gani nisikiache hata kidogo?

Swali la tatu ndilo lililoniokoa mimi. Nitalirudia mbele.

Hatua ya pili: lipe tumaini kazi ya mikono

Mwanasaikolojia wa Marekani, C. R. Snyder, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 1991 maelezo ya tumaini ambayo mimi nimeyaona yakifanya kazi kitandani. Kwao tumaini halikuwa hisia ya kungojewa. Lilikuwa na lengo, njia za kulifikia, na msukumo wa kuzitumia njia hizo. Ukikosa kimoja, unabaki na kitu kingine: lengo lisilo na njia ni ndoto inayokuumiza, na njia isiyo na lengo ni kuchoka tu.

Kwa hiyo chukua lengo lililo karibu kiasi kwamba unaliona kwa macho. Kutoka kitandani kwangu hadi mlangoni ilikuwa hatua 11. Niliweka daftari chini ya mto, na kila jioni niliandika tarehe, idadi ya hatua, na kilichonisimamisha. Siku ya kwanza: 4, magoti. Siku ya sita: 7, pumzi. Siku ya tisa: 3, sikulala usiku. Siku ile ya hatua 3 nililia, mpaka mdogo wangu alipolichukua daftari, akaweka kidole kwenye namba ya kwanza na kukiteremsha hadi ya mwisho bila kusema neno. Ukiangalia siku moja moja utaona kushindwa. Ukiangalia ukurasa mzima utaona mstari unaopanda huku ukiyumba, na kuyumba huko ni halali.

Kwa kila lengo andika njia mbili, kwa sababu moja itaziba. Kama lengo ni kuoga bila kusaidiwa, njia ya kwanza iwe kuoga umesimama umeshika ukuta, ya pili iwe kuoga umekaa kwenye kiti. Siku njia ya kwanza ikigoma, hujashindwa. Umehamia ya pili.

Kuna onyo hapa ambalo lazima nilitoe kwa herufi nzito kama ningeweza. Kuongeza kidogo kila siku si dawa ya kila mtu. Kuna watu wenye uchovu sugu, wakiwemo baadhi ya waliobaki na dalili ndefu baada ya UVIKO-19, ambao wakijisukuma leo hulipa kesho au keshokutwa kwa kuanguka siku kadhaa. Mwaka 2021 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba isiyobadilika kwa wagonjwa wa uchovu sugu. Kama ukifanya kazi ndogo unajikuta umelala siku mbili, lengo lako liwe kubaki chini ya kiwango chako: fanya nusu, pumzika kabla hujachoka, na umweleze daktari hivyo hivyo ulivyoona.

Hatua ya tatu: tafuta mtu mmoja kabla ya kutafuta kikundi

Wengi huanza na kikundi. Mimi nashauri uanze na mtu mmoja. Kuingia kwenye chumba cha watu kumi ukiwa dhaifu na huna la kusema ni kazi nzito, lakini mtu mmoja unaweza kumsikiliza umelala.

Desturi hii ina historia yake. Mwaka 1952 Terese Lasser, mwanamke wa Marekani aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti, alianza kuwatembelea wanawake waliotoka tu kwenye upasuaji kama wake, akiwaonyesha namna ya kuurudishia mkono nguvu. Kazi yake ikakua ikawa mpango wa Reach to Recovery, na mwaka 1969 shirika la saratani la Marekani likauchukua. Mgonjwa aliyelala na bandeji alikuwa anamwona mwanamke mzima, amevaa vizuri, akiinua mkono juu ya kichwa. Hotuba gani ingeshinda hilo?

Mtu unayemtaka awe na sifa hizi. Awe ameugua ugonjwa wako, au angalau amepita kwenye matibabu yako. Awe amekutangulia kwa miezi michache hadi mwaka au miwili hivi; aliyepona miaka 20 iliyopita anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini amesahau usiku ulivyokuwa mrefu, na huenda dawa zenyewe zimebadilika. Awe anazungumzia siku zake mbaya bila kuzikimbia. Na asiwe anauza kitu. Hili la mwisho halina mjadala.

Kumpata ni rahisi kuliko unavyodhani, ukiuliza vizuri. Muuguzi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo hawezi kukupa jina la mgonjwa mwingine, na hapaswi kufanya hivyo, kwa sababu ya siri. Lakini anaweza kupeleka jina lako wewe. Mwambie: "Kuna mtu aliyemaliza matibabu haya ambaye unaweza kumuuliza kama angekubali nimpigie? Mpe namba yangu, si lazima unipe yake." Uliza pia vyama vya wagonjwa wa ugonjwa wako, nyumba ya ibada unakosali, au shirika lenye washauri nasaha. Na usilidharau benchi la kliniki. Watu waliokaa pale kila mwezi wanajua zaidi ya wanavyoonekana.

Kama unaona aibu, nakuelewa. Nilificha jina la ugonjwa wangu kwa wiki nyingi kwa sababu watu wakisikia kifua kikuu husogeza viti, ingawa kile cha uti wa mgongo peke yake, pasipo cha mapafu, kwa kawaida hakiambukizi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Huna deni la kumweleza kila mtu. Una haja ya kumweleza mmoja.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi. Mimi niliandika hivi: "Shikamoo mzee, ni yule wa benchi mwenye mkanda. Naomba nikupigie dakika kumi siku yoyote utakayokuwa na nafasi. Nataka kujua mwezi wa pili ulikuwaje." Alipiga yeye, jioni ile ile.

Mazungumzo ya kwanza

Usimuulize "nitapona lini?" Hajui, na jibu lolote atakalotoa utalishika kama ahadi. Muulize vitu alivyovipita kwa mwili wake. Kitu gani kilikushtua ambacho hukuambiwa? Ni wakati gani ulikaribia kukata tamaa, na kesho yake ulifanya nini? Nani alikusaidia kwa kweli, na kwa namna gani? Ulirudije kazini? Ulilalaje?

Weka muda, nusu saa inatosha. Mgonjwa anayepona huchoka kwa kuongea kama anavyochoka kwa kutembea, na kesho yake hujilaumu bila kujua sababu. Ukimaliza, andika mambo mawili uliyoyapata: moja la kumuuliza daktari, moja la kujaribu. Kile unachokisikia kwa mgonjwa mwenzako kuhusu dawa, kipimo au chakula kipeleke kwanza kwa anayekutibu. Yule mzee alinifundisha hilo kwa maneno yake ya kwanza kabisa: muulize na muuguzi.

Hatua ya nne: kikundi, na namna ya kukijua kilicho kizuri

Mwaka 1905 daktari Joseph Pratt wa Boston aliwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu ambao hawakuwa na uwezo wa kwenda kwenye sanatoria, yaani hospitali za mapumziko za wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa ya kuua vijidudu vile haikuwapo bado. Aliwataka wapumzike, wapate hewa safi, waandike kila siku kwenye daftari walichofanya, na wakutane mara moja kwa wiki wapimwe uzito. Alidhani anawafundisha usafi na mapumziko. Akaona kumbe mkutano wenyewe unawainua: aliyeongezeka uzito alikuwa habari njema kwa aliyekaa kando yake. Nilipoisoma habari hiyo nililitazama daftari langu kwa jicho jingine.

Kikundi kizuri hukijui siku ya kwanza. Nenda mara tatu, kisha jiulize ulivyojisikia jioni baada ya kurudi nyumbani, maana ukiwa pale ndani machozi au vicheko vinaweza kukudanganya. Kuchoka ni kawaida. Lakini kama kila mara unarudi ukiwa na hofu zaidi ya uliyokwenda nayo, au unajiona mdogo, kikundi kile si chako, na kuondoka si utovu wa shukrani.

Kuna vikundi ambavyo havifai kujaribiwa hata mara ya pili. Kile ambacho mtu anauza chupa, unga au kozi. Kile ambacho maumivu ni mashindano, ukisema hukulala yeye hajalala wiki. Kile ambacho habari ya ndani unaisikia mtaani. Kile ambacho mtu mmoja anaongea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na zaidi ya vyote, kile ambacho mtu anakwambia acha dawa.

Hapa narudi kwenye swali langu la tatu. Mwezi wa tatu nilianza kutembea vizuri, mgongo ukatulia, na vidonge vikaanza kunichefua hata kwa kuviona tu. Kijana mmoja tuliyekuwa tukikutana naye akaniambia yeye ameviacha wiki mbili na yuko salama. Nilivutika. Siku hiyo daftari liliniokoa, kwa sababu kwenye ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu jibu la daktari: "Ukijisikia mzima vijidudu bado vipo. Ukiacha katikati, wanaobaki ndio wagumu, na dawa hizi zinaweza zisiwaweze tena." Kijana yule alirudi kulazwa. Sikumwona mjinga hata siku moja. Alikosa mtu wa kumpigia simu siku alipochoka.

Vikundi vya simu vinafaa sana kwa asiyeweza kutoka, na kwa mwenye ugonjwa wa kuambukiza ambaye bado hajaruhusiwa kukaa na watu. Vina hatari yake: ujumbe unaingia saa nane za usiku, na habari mbaya ya mtu usiyemjua inakulalisha macho. Zima sauti, chagua saa ya kusoma, na usiweke picha ya majibu yako ya vipimo mbele ya watu mia mbili.

Hatua ya tano: kama hakuna kikundi, anzeni watatu

Hili wengi huliogopa, na ndilo jepesi. Watatu wanatosha. Mmoja akizidiwa, wawili bado wanakutana.

Chagueni siku na saa isiyobadilika, na mkutano uwe saa moja, usizidi. Mahali pawe na viti vya kuegemea mgongo, choo karibu na ngazi chache; anayesahau hayo hajawahi kuugua. Mkubaliane kwa maneno, siku ya kwanza, mambo manne: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, hakuna anayelazimishwa kusema, hakuna anayebadilisha dawa ya mwenzake, na ushauri hautolewi mpaka uombwe.

Hilo la ushauri ndilo gumu kuliko yote. Mtu akisema "nimechoka kuishi hivi", ulimi wote wa chumba unataka kumrekebisha: omba, fanya mazoezi, wenzako wana hali mbaya zaidi. Fundishaneni kuuliza kwanza: "Unataka tukusikilize tu, au unataka tukwambie tulivyofanya sisi?" Nimemwona mama mmoja akiulizwa hivyo, akakaa kimya karibu dakika nzima, kisha akasema, "Nisikilizeni tu," na akaongea kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Anzeni kwa kila mmoja kusema kwa dakika mbili wiki yake ilivyokuwa: jambo moja gumu na jambo moja lililosogea. Halafu chagueni jambo moja la kulizungumza kwa kina. Malizeni kwa kila mmoja kutaja kitu kidogo atakachojaribu kabla ya kukutana tena. Anayeongoza abadilike kila wiki, hata asiyependa kuongea, kuongoza ni kushika saa na kuuliza "nani hajasema?"

Semeni mapema mtafanya nini mmoja wenu akizidiwa au akifariki. Inaonekana kama kuita nuksi, lakini kikundi kisichozungumza hilo huvunjika siku likitokea. Sisi tulikubaliana kwamba mtu asipofika mara mbili, mmoja anampigia, na kama habari ni mbaya tunaambiana kwa sauti, si kwa ujumbe wa maandishi. Tulilitumia agano hilo mara moja. Wiki ile hatukuwa na mada. Tulikaa, kiti chake kikiwa wazi, na saa ilipofika tukainuka. Wiki iliyofuata tulirudi wote.

Hatua ya sita: andaa siku mbaya ukiwa kwenye siku nzuri

Siku mbaya itakuja, na ikija huwezi kufikiri. Kwa hiyo andika leo, ubandike karibu na kitanda: dalili zangu za mwanzo za kuporomoka (mimi huacha kuoga na kuacha kupokea simu); mambo mawili yanayonisaidia hata kidogo; watu wawili wa kuwapigia, na namba zao kwa herufi kubwa; na namba ya huduma ya dharura.

Ujue pia mahali ambapo msaada wa wenzako unaishia. Huzuni ya ugonjwa huja na kuondoka. Lakini kama siku nyingi, kwa wiki mbili au zaidi, moyo umezama, hakuna linalokufurahisha, usingizi na hamu ya kula vimeharibika, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Mwambie anayekutibu kwa maneno hayo hayo, na usisubiri akuulize.

Na ukianza kuwaza kufa, au kujidhuru, au kwamba watu wangepumzika usingekuwapo, mwambie mtu leo hii. Usikae peke yako, mpe mwingine azitunze dawa zako, na nenda hospitali au piga namba ya dharura. Kama ni mwenzako ndiye aliyekwambia, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Kisha usimwache, na usikubali kuitunza siri hiyo. Hapo agano la "yanabaki hapa" linasimama kando.

Kusikilizwa na mtu wa kawaida aliyefundishwa kusikiliza kuna uzito mkubwa. Mwaka 2006 daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza mpango uliokuja kujulikana kama Friendship Bench, ambamo mabibi waliopewa mafunzo walikaa kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya wakiwasaidia watu wenye "kufungisisa", neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi. Utafiti wao uliwahusisha watu 573 na ukachapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa na mabibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Angalia lakini kwamba mabibi wale walifundishwa, na walikuwa na mahali pa kumpeleka aliyezidiwa. Kikundi chenu nacho kiwe na jina la kituo na la mhudumu wa kumpigia.

Nyumbani, kwa wanaokupenda

Husemwa mgonjwa haulizwi uji. Nia yake ni njema: mletee, usimsumbue kwa maswali. Lakini ugonjwa ukiwa wa miezi, msemo huo unaweza kumfanya mtu mzima asiulizwe chochote tena, si nguo atakayovaa, si wageni atakaowapokea. Waambie nyumbani unachoweza kukiamua mwenyewe na uanze na kimoja. Ukiomba msaada, uombe ukiwa na umbo: "dada, njoo Jumatano asubuhi unipeleke kliniki", badala ya "nisaidieni". Watu wengi hawakai mbali kwa sababu hawakupendi. Hawajui washike wapi.

Anayekuuguza naye anaugua kwa namna yake. Mdogo wangu alikonda mwaka ule kuliko mimi. Mtafutie naye mtu anayeuguza kama yeye, wakae bila wewe, waseme wasiyoweza kuyasema mbele yako.

Ukifika mwezi wako wa nane

Ipo siku mtu mpya atakaa kando yako. Usikimbilie kumsaidia wakati kidonda chako mwenyewe bado kinavuja. Kama simulizi ya mwenzako inakunyima usingizi, ngoja kidogo. Ukiwa tayari, anza na mtu mmoja, umwambie mapema saa unazopokea simu, na usimwambie "utapona". Mwambie ulipo wewe leo na ulikotoka. Akikuuliza jambo usilolijua, au hata unalodhani unalijua kuhusu dawa zake, mwambie, "Hilo tumuulize muuguzi," kisha inukeni mwende wote wawili.